Nairuzi Bila Majira ya Kuchipua: Siku ya Mwaka na Suala la Asili katika Usomaji wa Mila za Waswahili

Katika nyanda za juu za Iran mwaka mpya huingia pale usiku na mchana vinapolingana, yapata tarehe 20 au 21 Machi. Wakati huo theluji imeanza kuyeyuka na miti ya matunda inachanua. Ngano iliyooteshwa sahanini huandaliwa juu ya kitambaa cha sikukuu pamoja na vitu vingine ambavyo majina yake huanza kwa sauti ya s. Jioni ya kuamkia Jumatano ya mwisho ya mwaka, watu huruka juu ya mioto iliyowashwa njiani. Siku ya 13 ya mwaka mpya hutoka mijini kwenda mashambani na kuitupa ile ngano changa katika maji yanayotiririka. Sikukuu hiyo ni Nowruz, yaani 'siku mpya'. Katika pwani ya Afrika ya Mashariki jina hilo limekuwa Nairuzi, na siku inayoitwa hivyo, ambayo wengi huijua zaidi kwa jina la Siku ya Mwaka, siku hizi huangukia mwezi wa Julai, wakati wa kipupwe, pepo za kusi zikiwa bado zinavuma. Mvua za masika zimekwisha kupita. Hakuna theluji ya kuyeyuka wala mti uliongojea siku hiyo ili uchipue.

Hii basi ni sikukuu ya kuchipua katika nchi isiyo na majira hayo. Hata msamiati unalithibitisha jambo hili, kwani watafsiri wetu wanapolikabili neno linalotaja majira ya kuchipua katika fasihi ya Ulaya au ya Uajemi, baadhi yao huandika 'masika', wengine 'demani', na wengine hulazimika kutumia maelezo marefu. Swali linalozushwa na makala haya linahusu jinsi jina la Kiajemi lilivyoifikia siku hii, na kile ambacho mhakiki ana haki ya kukitoa katika jina hilo. Swali si dogo, kwa kuwa kwa muda mrefu Nairuzi imetumiwa kama hati ya kuthibitishia asili ya watu wazima.

Wasomi wa enzi ya ukoloni waliitaja siku hii mara nyingi. Edward Steere aliieleza katika kitabu chake cha mafunzo ya Kiswahili cha mwaka 1870, Richard Burton katika kitabu chake juu ya Unguja cha mwaka 1872, na W.H. Ingrams katika historia yake ya Unguja ya mwaka 1931. Sir John Gray aliiandikia makala marefu katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1955. Kutokana na maandishi ya namna hii ulizuka mnyororo wa hoja ambao hata leo husikika katika madarasa: jina ni la Kiajemi, kwa hiyo sikukuu ni ya Kiajemi, kwa hiyo walioileta ni Waajemi, na Washirazi wa Unguja, Pemba na Kilwa ni wazao wao. Pingu za mnyororo huo ni dhaifu kila moja kwa namna yake, na inafaa zikaguliwe kwa zamu.

Pingu ya kwanza ni kalenda. Kalenda ya Uajemi ya kabla ya Uislamu, ambayo tarikhi yake ya mwisho huhesabiwa tangu kutawazwa kwa Yazdgerd III mwaka 632, ilikuwa na miezi 12 ya siku 30 na siku 5 za ziada. Jumla yake ilikuwa siku 365 kamili, bila ile siku ya nyongeza ya kila mwaka wa nne. Mwaka wa jua una karibu robo siku zaidi ya hapo. Kwa hiyo siku ya mwaka mpya ilirudi nyuma siku moja takriban kila baada ya miaka 4. Mwaka 632 Nowruz iliangukia mwezi wa Juni. Ndiyo kusema kwamba kwa karne kadhaa Nowruz haikuwa sikukuu ya kuchipua hata huko kwao! Makhalifa wa Baghdad walitatizika nayo kwa sababu kodi ya mazao ilidaiwa kwa kuifuata, na siku ilikuwa ikiwadia kabla mazao hayajakomaa. Mwaka 895 khalifa al-Mu'tadid akaamuru ihesabiwe tarehe 11 Juni kwa shughuli za kodi. Ile siku ya asili iliendelea kurudi nyuma hadi, yapata mwaka 1000, ikagota mwezi wa Machi. Hapo ndipo wataalamu wa nyota wa Sultani Malik Shah, Omar Khayyam akiwa mmoja wao, walipoifunga pale mwaka 1079 kwa kalenda mpya ya Jalali. Nowruz ya leo, yenye maua na ngano changa, ni matokeo ya marekebisho hayo.

Pwani yetu haikuyapokea marekebisho hayo. Waswahili walihesabu mwaka wa siku 365, wakiugawa katika miongo 36 ya siku kumikumi na siku 5 za kukamilishia, kama Steere alivyoshuhudia. Kwa sababu hiyo siku yao imeendelea kurudi nyuma. Mnamo miaka ya 1870 iliangukia mwishoni mwa Agosti. Leo, baada ya karne moja na nusu, iko Julai. Tofauti hiyo ya siku thelathini na kitu ndiyo hasa inayotarajiwa kwa hesabu ya siku moja kila miaka 4.

Hapa msomaji anaweza kuvutwa na hoja yenye sura nzuri kabisa. Ikiwa Iran ilirekebisha kalenda yake mwaka 1079, na pwani inahifadhi kalenda ya kabla ya marekebisho, je, haionyeshi kwamba Waajemi waliileta kabla ya mwaka huo? Tarehe ingeafikiana vizuri na simulizi za Kilwa, ambazo huuweka ujio wa Washirazi katika karne za 10 na 11. Hoja hii ni ya werevu, lakini haisimami. Kalenda ya siku 365 haikufa mwaka 1079. Wazoroasta wa Iran na wa India waliendelea nayo, na baadhi yao hadi leo huusherehekea mwaka mpya Julai, siku chache tu mbali na Siku ya Mwaka ya Makunduchi. Lililo muhimu zaidi ni kwamba mabaharia wa Bahari ya Hindi waliendelea nayo pia. Ahmad ibn Majid, nahodha mzawa wa Julfar katika Ghuba, alipoandika kitabu chake kikubwa cha unahodha yapata mwaka 1490, alipanga misimu yote ya safari kwa kuhesabu siku tangu Nairuzi, na Nairuzi yake iliangukia katikati ya Novemba. Ukiihesabu kwa kurudi nyuma siku moja kila miaka 4 kutoka Novemba ya Ibn Majid, unaifikia Agosti ya Steere. Mfuatano haukukatika.

Sababu za mabaharia kuing'ang'ania kalenda hiyo zinaeleweka. Mwaka wa Hijria ni wa mwezi, na huwa mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kama 11. Mwenye jahazi hawezi kuutegemea ili ajue lini kaskazi itaanza kuvuma au lini bahari itafungwa na kusi kali, kwa kuwa Ramadhani ya leo ni ya kiangazi na ya miaka michache ijayo ni ya mvua. Alihitaji hesabu ya jua. Kalenda ya siku 365 ilikuwa na kasoro yake, lakini kasoro ya siku moja kwa miaka 4 nahodha huirekebisha kichwani. Katika miaka 40 ya kusafiri imefika siku 10 tu. Mkulima wa pwani naye alikuwa na haja hiyohiyo, na miongo ilimfaa kujulia wakati wa kufyeka na wa kupanda. Kalenda ambayo jahazi liliileta kila mwaka kutoka Hormuz, Muscat au Aden haikuhitaji kabila zima kuhama ili ifike Mombasa au Kilwa. Ilitosha kwamba nahodha ateremke bandarini, na maneno haya mawili yenyewe, nahodha na bandari, ni ya Kiajemi. Sehemu nzuri ya maneno ya Kiajemi katika Kiswahili ni ya chombo, mzigo na soko, na mengi yalipitia Kiarabu kwanza.

Umbo la jina linaunga mkono jambo hili. Kiajemi husema nowruz, na zamani nawruz. Umbo lenye 'ai' ni la Kiarabu, nayruz, nalo ndilo lililo katika maandishi ya Ibn Majid na ndilo lililozaa 'Nairuzi' ya Kiswahili. Iwapo jina lingepokewa nyumbani, kutoka kwa baba mzawa wa Shiraz hadi kwa mwanawe, mtu angetarajia sauti ya Kiajemi. Lililopo ni jina kama lilivyotamkwa katika lugha ya bahari.

Inabakia sherehe yenyewe, na hapa ndipo penye uhondo kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi. Makunduchi, kusini mwa Unguja, ndiko inakojulikana zaidi, kwa jina la Mwaka Kogwa, yaani kuuoga mwaka. Wanaume hugawanyika pande mbili, kusini na kaskazini, wakapigana kwa migomba hadi ghadhabu za mwaka mzima zimalizike. Kibanda cha makuti hujengwa, mzee wa mila huingia ndani, kikatiwa moto, naye akatoka. Wenyewe hueleza kuwa ni kinga dhidi ya moto wa nyumba katika mwaka unaoingia, na moshi unakoelekea husomwa kama habari ya yajayo. Wanawake waliovaa mavazi yao bora huzunguka wakiimba nyimbo ambazo siku nyingine zingewaletea aibu, maana siku hiyo matusi ni halali na mume au jirani husemwa bila ya kujibu. Kisha watu hula. Nyumba isiyo na mgeni siku hiyo huonekana kuwa na kasoro. Odile Racine ameichunguza sherehe hii kwa makini katika makala yake ya mwaka 1994, na P.J.L. Frankl alichapisha mwaka 1993 utafiti kuhusu Siku ya Mwaka hasa kwa upande wa Mombasa. Yeyote anayekusudia kuandika juu ya mada hii aanze kwao kabla ya kumfikia Gray.

Maelezo ya karne ya 19 yanaongeza mambo mengine. Watu walikoga baharini kabla ya mapambazuko. Mioto yote ya nyumbani ilizimwa na moto mpya ukapekechwa kwa vijiti. Steere aliarifiwa kuwa zamani siku hii ilikuwa ya ruhusa, ambapo ugomvi wa kale ulimalizwa kwa mapigano na wakubwa hawakuuliza sana. Katika miji ya kaskazini, Lamu ikiwemo, na Mombasa pia, ng'ombe alizungushwa mji kabla ya kuchinjwa, ili balaa ikae nje ya duara aliloliacha.

Msomi aliyezoea kutafuta asili atasema: moto uko Iran na moto uko Makunduchi; maji yako Iran na maji yako pwani. Ni kweli kwamba al-Biruni, akiandika yapata mwaka 1000, alitaja desturi ya kurushiana maji siku ya Nowruz. Ila moto na maji havina pasipoti. Jamii nyingi za Afrika zisizowahi kumsikia Mwajemi huzima moto wa zamani na kuwasha mpya wakati wa kuvuka kutoka kipindi kimoja hadi kingine, na huoga ili kuondoa uchafu wa mwaka. La kuzingatia zaidi ni yale yasiyokuwepo. Ngano iliyooteshwa haipo, wala mbadala wake wa mtama au mpunga. Kile kitambaa cha vitu saba hakipo. Siku ya 13 ya kutoka mjini haipo. Yaani kila kilichoifanya Nowruz kuwa sikukuu ya kuchipua hakikuonekana pwani, na kilichoonekana pwani kina ndugu wengi bara kuliko ng'ambo. Mzee anayesimamia Mwaka wa Makunduchi ni mtu wa mzimu. Mamlaka yake yanatokana na ardhi na wahenga waliozikwa ndani yake.

Kwamba jina linaweza kusafiri na kuiacha nyuma maana yake, Misri ni shahidi. Wakristo wa Kikopti huuita mwaka wao mpya Nayruz, nao huangukia tarehe 11 Septemba, wakati mto Nile ulipokuwa umefurika kabla ya bwawa la Aswan kuyadhibiti maji yake. Katika zama za kati watu wa Cairo waliadhimisha Nayruz kwa kurushiana maji na mayai barabarani na kwa kumtawaza 'amiri' wa mzaha aliyepanda punda akidai kodi, hata watawala wa Kimamluki wakaikomesha mwishoni mwa karne ya 14. Hakuna mwanahistoria anayedai kuwa Wakopti ni wazao wa Waajemi kwa sababu ya jina hilo. Ruhusa hiyo wamenyimwa Waswahili peke yao.

Neno la Kiswahili chenyewe linastahili kusikilizwa kuliko lilivyosikilizwa. Katika lahaja za kaskazini na katika Kimvita, 'mwaka' si muda wa miezi 12 tu. Ni mvua kubwa pia, ile ambayo wengine huiita masika. Mvua za mwaka huanza Machi au Aprili. Mkulima anapousema mwaka, anayataja maji yanayompa chakula. Hivyo pwani ilikuwa na miaka miwili katika neno moja: mwaka wa mvua, ambao mtu huuona kwa macho, na mwaka wa hesabu, ambao wajuzi huutangaza. Siku ya Mwaka ni mahali ambapo miwili hii ilifungwa pamoja ingawa haikutani. Wabajuni wana utungo uitwao vave, ambao wakulima huukesha usiku wa kuamkia siku ya kuuchoma msitu uliofyekwa ili shamba lipatikane. Ndani yake mna moto, maombi, majigambo na heshima kwa miti inayoteketezwa. Huo ndio utungo wa pwani wa kufungua msimu, na ungewafaa wahakiki kuulinganisha na moto wa Makunduchi kabla ya kuvuka bahari kutafuta ulinganisho. Nairuzi imepata kurasa nyingi kwa sababu ina jina la kigeni. Vave haina jina la kigeni na wasomaji wake ni wachache.

Kisa cha kuasisiwa kwa Kilwa nacho kina la kusema. Kitab al-Sulwa, katika nakala iliyochapishwa na Arthur Strong mwaka 1895, husimulia merikebu saba zilizoondoka Shiraz, ya sita ikatia nanga Kilwa, na kisiwa kikanunuliwa kwa nguo za kukizungushia. Utungo huu una mengi kuhusu nasaba na biashara, lakini simulizi yake ya kuasisi haiipi Nairuzi nafasi yoyote. Katika toleo alilolipata Mreno João de Barros katika karne ya 16, Ali mwanzilishi wa Kilwa ni mwana wa sultani wa Shiraz kwa mama mtumwa wa Kihabeshi. Tarehe na Siku ya Mwaka ni tanzu mbili zenye wenyewe tofauti: ya kwanza ni ya majumba ya mawe na huhesabu baba, ya pili ni ya shamba na ufuo na huhesabu wahenga wa mahali. Kuzisoma kama sura mbili za hati moja ni kosa la kihakiki kabla ya kuwa kosa la kihistoria.

Wakati Neville Chittick alipoandika juu ya Washirazi mwaka 1965, na hata Derek Nurse na Thomas Spear walipochapisha kitabu chao mwaka 1985 wakiiweka lugha ya Kiswahili bayana katika Kibantu, mjadala ulitegemea magofu, maneno na masimulizi. Machi 2023 uliongezewa ushahidi wa aina nyingine. Jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa chembe za urithi za watu 80 waliozikwa katika miji ya kale ya pwani na mji mmoja wa bara, ambapo mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba ni mmoja wa waandishi. Ilibainika kuwa mchanganyiko na watu wa Asia ulikwisha kuanza yapata mwaka 1000, kwamba urithi wa upande wa Asia wakati huo ulitoka hasa kwa wanaume wa Uajemi, na kwamba upande wa mama ulikuwa wa Kiafrika kwa kiasi kikubwa sana. Walioipuuza kabisa simulizi ya Washirazi wana deni la kulipa. Hata hivyo, kuna hatari kwamba matokeo haya yatatumiwa kuurudisha ule mnyororo wa zamani, na Nairuzi iwekwe tena kizimbani kama shahidi wa Uajemi. Uchunguzi huo unaeleza damu ya waliozikwa katika makaburi ya mijini. Hauelezi nani alipekecha moto Makunduchi wala wimbo gani uliimbwa. Tena, ukichukuliwa kama ulivyo, unaonyesha nyumba ambazo mama alikuwa wa hapa, na lugha iliyoshinda ndani yake ilikuwa yake. Kwa kuwa wimbo, matusi na chakula cha Siku ya Mwaka ni mambo ya wanawake kwa sehemu kubwa, pana sababu ya kumtazama mama kwanza.

Mwaka 2009 UNESCO iliiandikisha Nowruz katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika kwa niaba ya nchi saba, na nchi nyingine zikajiunga baadaye. Kenya na Tanzania hazimo. Wapo watakaoona kuwa zimeachwa. Kwa hoja iliyotolewa hapa, kutokuwemo kwao ni sahihi, kwa sababu kinachosherehekewa Makunduchi hakikutoka katika bustani za Iran.

Hesabu ya wazee, ikiachwa iendelee bila kufungwa kwa tarehe ya maofisa au ya watalii, itaendelea kuirudisha siku nyuma. Kutoka Julai hadi usawa wa usiku na mchana wa Machi ni miezi minne, na kwa mwendo wa siku moja kila miaka 4 na kidogo, Siku ya Mwaka itafika huko katika karne ya 26. Itakuwa imeikuta tena Nowruz ya Iran, mara ya kwanza tangu karne ya 11. Pwani haitakuwa na maua ya kuchipua siku hiyo, ila Machi ni mwezi ambao mvua za mwaka hutazamiwa, na wakulima watakuwa wamekwisha kuchoma mashamba.